Fomu namba 5

Leo Uyole, Mbeya, chini ya mparachichi. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akifika miaka 60, lakini mzee wetu, jaji mstaafu, bado anasomea wajane makaratasi yao, bila malipo.

Mama mmoja kaleta barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Mzee kauliza moja tu:
"Fomu namba 5 iko wapi, mama?"

Hakuna.

Hapo ndipo wengi wanakwama! Ukishateuliwa msimamizi una miezi 4 ya kupeleka mahakamani orodha ya mali, Fomu namba 5, kisha hesabu za mgawanyo, namba 6, kwa muda utakaopangwa na mahakama. Bila hizo jalada halifungwi, na msimamizi anauza shamba kama lake.

Mzee kaikunja ile barua taratibu, kairudisha kwenye mfuko wa nailoni isilowe.

Mirathi ya kwenu, jalada limefungwa?