Jinsi nilivyopata Garratt (injini ndefu ya mvuke ya reli) nzima kwenye picha moja bila kuipinda

Reli ya Mtwara–Nachingwea ilifungwa mwaka 1962, hivyo picha ya kichwa kikubwa cha mvuke kwa ukuta wa studio hapa Mtwara inabidi kufuatwa Makumbusho ya Reli, Nairobi. Pale ipo Garratt nambari 5918, Mount Gelai: urefu mita 32 hivi, uzito takriban tani 250.

Lenzi pana ilivimbisha katikati na kukondesha ncha. Panorama ya simu, kwa kuwa unazunguka mahali pamoja, iliipinda kama ndizi.

Dawa ni kutembea. Nilitandaza kamba ya ujenzi sambamba na reli, mita 7 kutoka kwenye injini, yenye fundo kila mita 1.5. Kamera ya sensa ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 50, ikishikwa wima: picha moja kila fundo, jumla 22 za kuunganishwa baadaye kuwa moja, kila moja ikiingiliana na jirani yake zaidi ya nusu. Mwangaza, fokasi na rangi vyote vifungwe kwa mkono (tundu la lenzi f/8, wepesi wa sensa kwa mwanga ISO 200). Ukiacha otomatiki, kila kipande kinatoka na mwanga wake na maungio yanaonekana waziwazi.

Miti ya nyuma itajirudia au kukatika, kwa sababu iko mbali kuliko injini. Hilo haliepukiki, unganisha kwa kufuata magurudumu na kingo za matangi, miti isafishwe baadaye.

Saa sita mchana usipige kabisa: magurudumu, ndiyo uzuri wenyewe, huzama kivulini. Wingu jepesi ni bora.

Kabla ya safari, fanyia mazoezi semitrela la korosho lililoegeshwa.