Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Pemba, VVU na kadi ya bima

Saa 11:00 alfajiri

Adhana inanikuta nishaamka. Leo nakwenda kupima sukari, na kipimo chenyewe kinataka tumbo tupu, kwa hivyo baada ya sala nawatilia wanangu chai na kuwachomea mandazi bila ya mwenyewe kuonja. Mimi ni mwalimu wa skuli ya serikali hapa Pemba, mkondo wa mchana. Naishi na VVU, na dawa natumia tangu 2009. Jina langu silitaji. Nikifika kwenye dirisha la bima mtajua kwa nini.

Saa 12:30 asubuhi

Gari ya kwenda Chake Chake imejaa mapema, wanafunzi na wauza samaki. Wengi wetu tunaoishi na VVU hapa kisiwani, kliniki ya CTC, yaani ile ya matunzo na dawa za VVU, hatuendi ya karibu. Mtu wa Mkoani hupanda mpaka Wete, wa Wete hushuka Chake, ili asikae benchi moja na jirani yake. Na mimi kliniki yangu ya VVU iko mji mwengine. Lakini leo safari ni ya sukari, na sukari mtu haionei haya.

Niliseme hili mapema, maana naulizwa kila siku: dawa za VVU hazitaki bima. CTC zinatolewa bure, uwe na kadi usiwe nayo. Ni kile kidonge kimoja kwa siku, TLD, ambacho ndani yake mna tenofovia, lamivudini na dolutegravia. Bima sisi tunaihitaji kwa mengine. Walioanza dawa zamani tumeishi, alhamdulillahi, na umri umetuletea yale yale yanayowasumbua wenzetu wote: presha, sukari, meno, macho, uvimbe wa kizazi. Huko ndiko pesa zilikokuwa zikituishia.

Saa 1:30 asubuhi

Dirisha la bima. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulianza 2023, na sisi watumishi wa umma ndio tuliotangulia. Wazee bado wanauliza kadi ya nini, kwani matibabu si bure tangu Mapinduzi ya 1964? Ni bure, naam. Lakini nakumbuka nilivyokuwa nikitoka kwa daktari na cheti mkononi, dawa hakuna, naambiwa nikanunue duka la nje, na mshahara haujaingia. Kwa hilo bima imenifaa, na nitaitetea mbele ya yeyote.

Kinachonikera ni dirisha lenyewe. Mwaka jana, kwenye hospitali nyengine, nilitoa kadi na kitambulisho, na katika kuchakura mkoba kadi yangu ya kliniki ikatokeza. Karani akaiona. Akanyanyua sauti: "Ah, wewe mgonjwa wa CTC! Nyinyi kwenu kule nyuma, hapa si penu." Nyuma yangu walikuwa watu wamepanga foleni, na mmoja ni mzazi ninayemsomeshea mtoto. Nilichukua kitambulisho changu nikatoka. Presha yangu haikupimwa siku ile wala wiki ile.

Yule kijana sidhani kama alikusudia ubaya. Lakini kwetu sisi, kwenye kisiwa ambacho ukitaja ukoo wa mtu tayari unamjua shangazi yake, sauti ya karani ni sehemu ya matibabu. Serikali inaweza kulipia kila kipimo, na mtu asirudi kwa sababu ya sentensi moja.

Leo dirishani yuko binti mdogo, mtandio wa kijani. "Karibu mwalimu wangu," kisha ananiinamia kwenye tundu la kioo: "Unakwenda kwa nani leo?" Nikamjibu kwa sauti ile ile ya chini. Akaandika, akanirudishia vitu vyangu vikiwa vimepinduliwa chini juu, jina halionekani. Sijui kafunzwa na nani. Natamani afundishe wengine.

Saa 3:00 asubuhi

Damu imeshatolewa. Sukari 9.8, nami sijala tangu jana usiku. Chai na chapati kwa mama wa pale nje.

Saa 4:15 asubuhi

Daktari ni kijana, ana haraka ya heshima, wagonjwa wamejaa ukumbini. Anaitazama namba ile, anatikisa kichwa. "Mama, metfomini yako ni miligramu 500 asubuhi na 500 jioni. Tuipandishe, iwe 1,000 asubuhi na 1,000 jioni." Kalamu tayari iko kwenye karatasi.

Hapa ndipo penye uzito wa siku nzima. Kwenye faili lake la sukari VVU haimo. Ningeweza kunyamaza, nikachukua karatasi, nikaenda zangu. Wenzangu wengi hunyamaza, na baada ya lile dirisha la mwaka jana mimi siwalaumu. Lakini muuguzi wa CTC alishaniusia: dolutegravia inazuia metfomini isitoke mwilini kwa kawaida yake, ikajikusanya kwenye damu, kwa hivyo anayetumia zote mbili kwa kawaida asivuke miligramu 1,000 za metfomini kwa siku nzima.

Nikasogeza kiti. Mlango ulikuwa umerudishwa, nikahakikisha. "Daktari, natumia TLD."

Kalamu ikasimama. Hakushtuka, hakuniuliza nimeupata wapi. Akaniuliza kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi kilikuwaje, nikamwambia virusi havionekani. Akaikata ile namba aliyoiandika, metfomini akaiacha pale pale ilipo, akaniongezea dawa nyengine ya sukari ya kumeza, akaniagizia na kipimo cha figo.

Nikamuuliza lile linalotunyima usingizi: kwenye fomu ya bima utaandika nini? Akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe. Kisukari. "Nimekutibu kisukari, nimeandika kisukari," akasema.

Nimekaa na maneno yale kichwani mpaka dirisha la dawa, ambako metfomini nimepata na ile mpya nimeambiwa haipo, niipitie kesho kutwa. Hata kesho kutwa sikuichukia, kwa nilivyokuwa nimepumua. Ila nilimfikiria bi mkubwa mmoja wa kikundi chetu. Alikwenda kwa daktari kwa kiungulia, akaandikiwa dawa ya kutafuna, ile yenye magnesiamu na aluminiamu. Hakusema anatumia nini kwengine. Kila usiku akaitafuna pamoja na TLD, na dawa ya namna hiyo huishika dolutegravia tumboni isiingie mwilini inavyotakiwa. Ilimpasa ameze TLD muda wa saa mbili kabla ya hiyo ya kiungulia, au saa sita baada yake. Virusi vilikuwa vimefubaa miaka, vikapanda. CTC wakamwita mara kwa mara kwa ushauri wakidhani anaruka dawa, na yeye analia kwamba haruki. Siri aliyoificha kwa kuogopa watu ndiyo iliyomgharimu.

Saa 7:00 mchana

Skuli. Darasa la sita, hesabu za sehemu. Mwalimu mwenzangu ananiuliza nilikuwa wapi, namwambia sukari, na yeye ananihadithia ya mama yake. Ndivyo inavyotakiwa iwe, mtu aseme anachotaka kusema, aishie hapo.

Saa 11:30 jioni

Simu kutoka kwa binti mmoja anayelima mwani, yumo kwenye kikundi chetu. Hana mwajiri wa kumsajili kwenye mfuko. "Ma mwalimu, nasikia sasa mambo yote bima. Mie na dawa zangu itakuwaje?" Namwelewa hofu yake. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje, hatukulala. Sehemu kubwa ya fedha za dawa hizi ilikuwa ikitoka huko na kwenye Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Nikamwambia asikose tarehe yake ya kliniki, dawa zipo na ni bure. Rai yangu ni kwamba dawa hizi zibebwe na fedha zetu wenyewe, taratibu lakini kwa yakini, na mkulima wa mwani aingizwe kwenye mfuko kama nilivyoingizwa mimi, maana na yeye atazeeka inshaallah.

Saa 3:00 usiku

Kidonge changu na maji. Kisha naandika kwenye kikundi: "Ukienda kwa daktari wa bima, mlango ufungwe kwanza, halafu mwambie dawa unazotumia. Hasa mwenye sukari, mwenye kiungulia, na anayemeza vidonge vya chuma au kalsiamu. Karani wa dirishani hana haja ya kujua. Daktari anayo."

Wa kwanza kujibu ni baba mmoja, mtumishi wa wizara, ambaye tangu apate kadi hajaitumia hata mara moja. Anauliza kama akiwa peke yake atalimudu lile dirisha. Nimemwambia asubuhi ya Alhamisi nina nafasi, tukutane kituo cha gari saa moja, na tutapanga foleni kwa yule binti wa mtandio wa kijani.