Farasi wa mbio za lami: anza na kwato

Mnaoishi Ireland mnazijua zile mbio za vigari vya magurudumu mawili vinavyovutwa na farasi kwenye barabara kuu, magari yakifunga njia nyuma huku watu wakirekodi. Farasi anaumia hata asipoanguka. Lami hainepi, kwa hiyo kila kishindo kinapanda kutoka kwatoni hadi gotini. Na wengi ni wadogo mno: mfupa wa juu ya goti haumalizi kukomaa mpaka karibu miaka miwili na nusu!

Ndani ya kwato, mfupa umeshikiliwa na tando zenye damu nyingi. Zikivimba kwa vishindo hivyo hazina pa kutanukia, ganda ni gumu. Hiyo ndiyo laminitisi. Weka vidole viwili nyuma ya kifundo, pembeni. Kwa farasi mzima mapigo husikika kwa shida. Kwa mgonjwa yanagonga kwa nguvu, kwato ina joto, naye anaegemea nyuma kukwepa kukanyagia mbele.

Tafadhali usimtembeze. Wengi humtembeza "alegee", na hapo ndipo tando huchanika na mfupa kushuka. Mwache alipo, loweka miguu kwenye maji ya barafu hadi juu ya kifundo, ongeza barafu ikiyeyuka, mtandikie nyasi kavu nyingi, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Moyo wa farasi aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Ukibaki juu ya 60 baada ya nusu saa ya kupumzika, usingoje kesho.

Ukikuta mbio zinaendelea, piga 999 au 112, taja barabara na wanakoelekea.