Fundi viatu aliyechangamsha darasa langu
Wiki ya kesi ya Salomon ndo naipenda kuliko zote kwa sheria ya biashara, wacha niwaambie. Salomon, fundi viatu huko London, anasajili kampuni, sheria ya wakati huo inataka watu saba, basi anaweka mke, binti na wavulana wanne, kila mtu hisa moja, zingine zote zake! Kampuni ikaanguka, wadai wakataka alipe madeni mwenyewe, na 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema hapana, kisheria kampuni ni mtu mwingine kabisa.

Leo kijana wa nyuma akauliza, "Prof, kwani kampuni yangu inaweza kunishtaki mimi?" Ndio, inaweza! Darasa likalipuka, tukabishana mpaka saa ikaisha.

Hapa Kenya tangu Sheria ya Kampuni ya 2015 mtu mmoja anatosha kufungua kampuni binafsi, so wanafunzi wangu wenye vibanda soko la Gikomba nawasukuma wasajili, na pesa ya kampuni isiingie M-Pesa ya mtu, hapo ndo wengi wanaharibu. Mmoja alikuwa ashafungua eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, nikiendelea kuongea, akanionyesha jina alilochagua. Nimefurahi sana aki.