Kamba, timazi na skii ya kushoto

Jumamosi moja ya Februari 2014, jirani yangu aliingia uani kwangu kinyumenyume akivuta trela, na juu ya trela kulikuwa na pikipiki ya theluji iliyopinda pua. Skii ya kulia ilitazama mbele. Ya kushoto ilitazama nyumba ya watu wengine.

Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu Duluth, Minnesota. Ufundi wangu wote niliutoa Arusha, kwenye gereji ya chini ya mwarobaini, tukishinda tunafumua miguu ya mbele ya Hiace za daladala. Baridi ya mwaka ule haikuwa ya kawaida hata kwa wenyeji. Januari gavana alifunga shule za jimbo zima kwa ajili yake, na kufika Machi Ziwa Superior, linaloitwa ziwa lakini huoni ng'ambo, lilikuwa limeganda kwa zaidi ya asilimia 90. Ukishika spana iliyolala nje, inakushika na wewe.

Jirani huyo alikuwa mstaafu wa meli zinazobeba madini ya chuma. Nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza, na kwa muda mrefu alidhani ni jina la utani nililomtungia. Alipojua maana yake akafurahi zaidi.

"Niligonga kisiki," alisema. "Mwendo mdogo tu."

Alikuwa ametoka kwenye North Shore State Trail, njia ya kama kilomita 235 kutoka Duluth hadi Grand Marais, akakata kushoto mahali palipokuwa pamevunwa miti. Theluji inafunika visiki vyote, uwanja unaonekana laini kama kitanda cha wageni. Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini?

Mashine ile huku wanaiita sledi. Haina gurudumu hata moja: nyuma kuna mkanda mpana wa mpira unaosukuma, mbele skii mbili zinazoshika njia. Sikuwahi kupanda. Lakini alipovua boneti na mabamba ya pembeni nilicheka kwa sauti, maana niliwakuta ninaowafahamu: wishiboni ya juu na ya chini, ile mikono inayoushika mguu wa skii, boljointi za kwenye ncha zake, shokapu iliyovaa springi, tairodi, ile fito inayopeleka usukani kwenye skii, na stabilaiza. Ilikuwa Hiace isiyokuwa na breki za mbele. Nikamwambia Mzee aiache.

Niliiingiza gereji nikawasha hita, nikaisubiri hadi jioni. Hilo nilijifunza mapema: usipime wala usitingishe kitu kabla barafu haijaisha, kwa sababu barafu iliyojibana kwenye maungio hushikilia kilicholegea na kukuonyesha uzima usiokuwepo. Sakafu ilipojaa maji nikajua sasa tunaweza kuzungumza.

Wishiboni ya chini ya kushoto ilikuwa imepinda kurudi nyuma kama ndizi mshale. Tairodi ya upande huo nayo. Shokapu kwa macho ilikuwa nzima, ila nilipoivua springi na kuusukuma mti wake ndani, uliingia nusu ukakwama. Nilipouzungusha, ncha yake ikachora duara. Spindeli, ule mguu unaobeba skii, niliishindanisha na ya kulia nikiwa nimezilaza ubavu kwa ubavu, nikaiona sawa. Bolti niliziviringisha moja moja juu ya kioo cha meza. Bolti nzima inaviringika kimya, iliyopinda inachechemea, na nilipata tatu zinazochechemea.

Nikiri, mkono uliniwasha kuitia ile wishiboni motoni. Arusha tungeipasha kwa gesi mpaka iwe nyekundu, tukainyoosha kwa bomba refu na nyundo, na gari likarudi barabarani kabla ya swala ya adhuhuri. Lakini wishiboni za sledi ni mabomba membamba, na zimewekwa pale zipinde zenyewe kabla ya boksi la alumini linalozibeba. Ukizinyoosha unarudisha umbo, nguvu hairudi. Niliagiza mpya, pamoja na tairodi, mti wa shokapu na nati mpya za kujifunga, kwa kuwa zile zenye nailoni ndani zikishafunguliwa uaminifu wake unapungua.

Alhamisi nilifunga kila kitu. Hapa ndipo nilipokosea, na kosa nilifanya macho yakiwa wazi.

Usukani ulikaa upande kidogo. Nikazungusha tairodi ya kushoto mizunguko miwili na nusu mpaka ukanyooka. Nikapima kati ya skii na skii, mbele na nyuma: mbele pana kuliko nyuma kwa milimita 5. Ndivyo inavyotakiwa, kwa kawaida ni kati ya 3 na 6, skii zitanuke kidogo zisigombane. Nikajipongeza. Lakini uzi wa tairodi ya kushoto ulikuwa umetoka nje kuliko wa kulia, na zote mbili zilikuwa salama, moja mpya kabisa. Kwa nini pande mbili zinazolingana zidai urefu tofauti? Jicho liliona. Akili ikapita kama mtu aliyemwona anayemdai.

Jumanne Mzee akarudi. Sledi inavuta kushoto, alisema, na akiongeza mwendo inakuwa na kichwa chake, inarukia kila mfereji wa skii za watu waliopita mbele yake. Safari hiyo alikuja na mkewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiendesha gari. Mzee akaenda kufungua kamba za trela. Mama akabaki karibu nami, mikono imefichwa kwenye mikono ya koti, akaniuliza taratibu, "Alikwambia habari za mtaro?"

Nilitamani kucheka na nilitamani kulia.

Fundi aliyenifundisha Arusha, ambaye sote tulimwita Babu ingawa hakuwa mzee kiasi hicho, hakuwa akimhoji dereva. Dereva akileta gari lililopinda, Babu alimsalimia vizuri, akampa benchi la kivulini, kisha akaenda kumnunulia konda soda. Dereva atakwambia shimo dogo tu, bosi asije akamkata. Konda hana cha kupoteza. Konda atakwambia mlikuwa mnakimbizana na nani, mlikanyaga nini na abiria wangapi walipiga kelele. Nami miaka yote ile nilidhani Babu anapenda tu soda.

Basi konda wangu akanisimulia. Kisiki kilikuwa mwanzo tu. Baada ya kisiki sledi iliruka, ikatua na skii ya kushoto kwenye ukingo wa mtaro, ikaingia pua chini. Ilibidi vijana wawili waivute kwa kamba. Mzee aliona haya kunieleza, mimi mgeni ninayeogopa hata kutembea kwenye barafu, kwamba yeye mwenyeji wa miaka sabini alitupwa mtaroni.

Nilipobaki peke yangu nikatoa vitu vya Babu: kamba ya mwashi, timazi, kile kizito cha kuning'iniza kwenye uzi, na chaki. Nilifunga ncha za skii kwa kipande cha mpira wa tyubu, ule ule tunaofungia mizigo kwenye baiskeli nyumbani, ili uchezaji wote wa maungio uvutwe upande mmoja usinidanganye. Nikachagua bolti mbili za nyuma kwenye bodi, moja kila upande, mahali ambapo ajali haikufika. Nikadondosha timazi kutoka kwenye kila bolti hadi sakafuni, nikaweka alama. Nikadondosha tena kutoka bolti za skii. Nikaisogeza sledi, zikabaki alama nne za chaki, na ukweli wote uko sakafuni.

Moja kwa moja kutoka nyuma kwenda mbele, upande wa kushoto ulikuwa mfupi kwa milimita 11. Kwa mshazari, kutoka nyuma kulia kwenda mbele kushoto na kinyume chake, tofauti ikawa karibu 10. Nikarudia mara mbili kwa sababu sikuitaka ile hesabu. Kama wishiboni ni mpya na spindeli ni nzima, na bado skii iko nyuma, basi kilichosogea ni mahali inaponing'inia.

Nikavua ekzosi na boksi la hewa, nikasafisha kona ile kwa dawa ya kusafishia breki, nikalala chini na tochi. Riveti tano zilikuwa na duara la masizi ya kijivu kuzunguka vichwa vyake. Riveti iliyolegea husagasaga alumini na ule unga ndio unaoisaliti. Kutoka tundu la nyuma la wishiboni ya chini kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele ukipanda juu. Kisiki kilisukuma skii nyuma, wishiboni ikapinda. Mtaro ukamalizia kwa kulisukuma tundu lile la nyuma kuingia ndani. Lilikuwa limeingia kama milimita 5 tu, ila wishiboni ni ndefu kuliko kitako chake, hivyo 5 za mzizini zikawa 11 kwenye skii.

Ikaeleweka pia kwa nini ilivuta. Boljointi ya chini ilikuwa imerudi nyuma na ya juu ikabaki pale pale, kwa hiyo kasta ya kushoto, yaani mlalo wa mguu wa skii kuelekea nyuma, ilipungua, na chombo huvuta upande wenye kasta ndogo. Mizunguko yangu miwili na nusu ya tairodi ilinyoosha usukani na kuufunika ugonjwa kwa shuka safi.

Mzee alikuwa na rafiki anayechomelea alumini, akapendekeza tumpelekee. Nilikataa, na tulibishana kidogo. Joto la kuchomelea hulainisha alumini pembeni mwa mshono, na hata kama isingelainika, nani angelishika tundu lile mahali pake halisi wakati linachomwa? Tulipata boksi zima la alumini kutoka kwa mtu anayebomoa sledi zilizoungua au kukosa wenyewe, yake ikiwa imegongwa nyuma. Kabla ya kulipa nililipima kwa kamba pale pale kwenye theluji, mwenyewe akiniangalia kama ninapiga ramli.

Kazi yenyewe ilikula wikendi mbili na sina hamu ya kuisimulia. Injini ilitoka. Riveti zilitobolewa moja moja, zilikuwa zaidi ya 40, na kila moja ilitaka itobolewe katikati kabisa tundu lisipanuke. Mzee alishika tochi na kusimulia habari za meli. Mama alileta kahawa, mwishoni akaleta samaki wa moshi wa ziwa lile, tuliomla kwa mikono juu ya gazeti, na mara ya kwanza tangu nihame nikakumbuka Tanga kwa wajomba.

Nilipofunga mara ya mwisho nilihesabu nyuzi za tairodi kabla ya kugusa usukani. Kushoto tisa, kulia tisa. Alama za chaki zikatofautiana kwa milimita moja, ambayo nadhani ilikuwa ya mkono wangu. Malipo ya kazi ya kwanza nilimrudishia. Alikataa, nikamrudishia kupitia konda.

Tulikwenda kujaribu kwenye ziwa dogo la ndani, asubuhi, theluji mpya haijakanyagwa. Mzee alikwenda kama mita mia tatu, akaachia mikono hewani ili nimwone, akageuka, akarudi. Nilitembea kwenye alama zake: mistari miwili ya skii, mkanda katikati, hakuna kuyumba.

"Sasa wewe," akasema.

Nikapanda. Nilikuwa nimefungua na kufunga mashine ile mara mbili, nikaushika kila waya wake, pamoja na waya wa mafuta unaoishia kwenye kijiko kidogo cha kubonyeza kwa dole gumba la kulia. Nilijua. Lakini mkono una mazoea yake: nikakaa sawasawa, nikavuta pumzi, nikakunja mpini kama niko juu ya bodaboda ya Ngarenaro, Arusha.

Haikwenda popote. Mama ndiye aliyeanza kucheka.