Siku nilibadilisha altaneta na baba

Hii ilikuwa 2019, mwezi wa nne, jioni ya mvua. Natoka kazi Industrial Area na gari yangu, Toyota Fielder, ile NZE ya 2004, kufika Jogoo Road karibu na City Stadium naona taa za mbele zimekuwa njano, waipa zinapanda kioo polepole, kile kitaa chekundu cha betri kimewaka kwa dashibodi, na kabla nifike Makadara gari ikazima katikati ya jam. Vijana wawili wa mkokoteni wakanisaidia kuisukuma kando. Kilichoniuma ni kwamba wiki mbili kabla ya hapo fundi mmoja alikuwa ameniuzia betri mpya, elfu nane mia tano, bila kupima kitu chochote, aliangalia tu akasema ya zamani imeisha.

Jirani alikuja kunivuta na kamba mpaka Umoja. Asubuhi baba akatoka na mita yake ya kupima volti, ile ya zamani ya rangi ya manjano. Baba aliendesha lori miaka mingi barabara ya Mombasa, na huko porini gari ikikataa usiku hakuna mtu wa kuita, unajifundisha. Tukaijampu na betri ya jirani, injini ikashika, akaniambia weka ncha nyekundu hapa na nyeusi pale, soma. Volti 12.1, na inashuka. Akaniuliza, "Mama, injini ikiwa inanguruma unafaa kuona ngapi?" (Nimeitwa jina la mamake, hajawahi kuniita kitu kingine.) Sikujua. Akasema kama 14 hivi, ikibaki kwa 12 basi altaneta, ile mashine inayotengeneza umeme wa kuchaji betri injini ikizunguka, haichaji, gari inakula betri tu mpaka imalize, hata ununue betri kumi.

Shida ni kwamba mikono yake ilikuwa imeshakakamaa vidole, haingeweza kuingia pale. Kwa hii injini altaneta imekaa kati ya injini na redieta, nyuma tu ya taa ya mbele upande wa kulia, na chini yake kuna kompresa ya AC, yaani nafasi ni ya mkono mmoja. Akaleta kigoda akakaa kando ya bampa na tochi. Kwanza akanifanya nitoe waya wa nagetivu kwa betri, nati namba 10, na hapo alikuwa mkali sana, kwa sababu ule waya mnene wa nyuma ya altaneta unatoka moja kwa moja kwa betri, una umeme hata kama ufunguo uko mfukoni, spana ikigusa ule waya na bodi pamoja cheche zinaruka. Halafu akakata katoni akaiweka kwa redieta upande wa injini ndio nisitoboe yale mapezi yake membamba.

Bolti ya juu namba 12 ilitoka vizuri, nikalegeza ile ya kukaza mkanda unaozungusha altaneta, mkanda ukalala. Ya chini sasa, ile ndefu namba 14, sikuwa naiona kabisa. Niliingiza mkono mpaka kwa kiwiko, shavu limegusa taa, natafuta. Baba akaniambia wacha kuangalia, funga macho ushike, hesabu kona za bolti na kidole. Nilihesabu, moja, mbili, mpaka sita, na mbili zilikuwa na matope yaliyokauka, nikayakwangua na kucha kwanza maana soketi ikikaa nusu unakula kichwa cha bolti na hapo umemaliza siku. Nikasukuma soketi mpaka nikasikia ile tak ndogo. Racheti ilikuwa inazunguka kidogo sana, jino moja, mawili, tena jino moja. Karibu dakika arobaini kwa bolti moja. Baba hakunikimbiza hata mara moja.

Kuitoa tuliizungusha kama mara tatu ndio ikapata njia. Nikaitia kwa kiondo, kilo kama tano, nikapanda matatu mpaka town, nikapandisha na miguu mpaka Kirinyaga Road, Grogan kwa wenyewe, kwa wauza spea. Baba alikuwa amenisisitizia, usinunue bila kulinganisha, angalia puli, ile gurudumu ya mkanda, angalia plagi ina pini ngapi, angalia mashimo ya bolti. Ya kwanza plagi ilikuwa tofauti na jamaa ananiambia itaingia tu, nikamrudishia. Ya pili ililingana, mtumba wa Japani, nikazungusha puli na mkono, beringi kimya, nikalipa elfu sita mia tano.

Kurudi ikakataa kuingia. Ile breketi ilikuwa inabana, kama milimita moja hivi, nikasukuma mpaka nikataka kulia. Baba akaomba kuishika, akapapasa lile sikio la chini na kidole gumba, akasema kuna bushi ndani, kale kabomba ka chuma kanakopitisha bolti, husogea bolti ikikazwa, na hii ya mtumba imetoka kwa gari yake ikiwa imesogea hivyo. Tukaigonga na nyundo pole pole, ikarudi nyuma. Ikaingia kama imeitwa.

Nikakaza mkanda mpaka ukibonyeza katikati na kidole gumba unashuka kama sentimita moja, nikarudisha nagetivu mwisho, tukaijampu tena, nikawasha. 14.2. Baba akasema washa taa zote, feni, redio. 13.9, ikakaa hapo hapo.

Akaingia kiti cha mbele bila kuambiwa, bado ameshika tochi. Jua la saa kumi na moja lilikuwa linapiga kioo, akaziba dashibodi na kiganja ndio aone vizuri, na tulienda hivyo mpaka Mutindwa na kurudi, anaangalia mahali pa kile kitaa chekundu, hakikuwaka.