Vidonge 10 kwenye bahasha, 11 kwenye kopo

Ilikuwa Juni, nje kidogo ya Tukuyu, saa 4 asubuhi na ukungu bado umeyalalia mashamba ya chai. Mama niliyekwenda kumwona, nijue kama anameza dawa yake inavyotakiwa, ana kisukari, na miguu ilikuwa ikimwaka moto kila usiku. Siku 20 kabla ya hapo alipewa amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, ya miligramu 25, vidonge 30, kimoja kila usiku.

Nilimimina vya kwenye bahasha katika sahani kavu, nikavihesabu: 10. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Vilivyotolewa, toa vilivyobaki, gawanya kwa vilivyopaswa kumezwa, zidisha kwa 100. Ishirini kwa ishirini, asilimia 100, na wengi huridhika na 80. Maswali manne ya mtafiti Morisky ya mwaka 1986, ya kupima kama mtu anafuata dawa, nayo (unasahau? hujali muda? unaacha ukipata nafuu? unaacha dawa ikikusumbua?) aliyajibu yote "hapana".

Mbona basi miguu bado inawaka?

Mjukuu wake, akidhani nataka dawa zote za nyumba, akaleta kopo la majani ya chai. Ndani mna vidonge 11 kwenye kipande cha gazeti, viwili vimeshaingia unyevu, rangi imehamia karatasini.

"Nisamehe mwanangu," mama akasema. "Nilijua utakuja kuhesabu. Usije ukasema nachezea dawa."

Alikuwa amemeza 9 kati ya 20: asilimia 45.

Hakuwa mkaidi hata kidogo. Akimeza saa 4 usiku, alfajiri anaamka kichwa kizito, mdomo mkavu, na chai hulipwa kwa kilo; ukichelewa shambani umejipunja. Kwa hiyo alimeza usiku ule tu maumivu yalipomshinda. Na hapo ndipo dawa hii inapomtesa mtu bure, kwa kuwa si kama panado. Inataka kila usiku, wiki kadhaa, ndipo itulize mishipa ya fahamu. Ule uzito wa asubuhi nao hupungua mwili ukizoea. Anayeruka siku anabaki na madhara bila nafuu.

Daktari akashusha dozi hadi nusu kidonge, saa 1 jioni. Vile viwili vibovu nikaviondoa. Safari hii niliandika kwanza akiba yote iliyomo ndani, bahasha na kopo: vidonge 19, yaani nusu 38. Bila namba hiyo ya mwanzo, hesabu ya mwisho haina maana. Swali nalo nikalibadili, badala ya "unasahau?" likawa "wiki hii ni usiku upi dawa ilikushinda?"

Baada ya siku 14 zilipaswa kubaki nusu 24. Sijagusa hata sahani, akasema:

"Utakuta zimezidi mbili. Siku mbili nililala msibani."

Nikahesabu. Zilikuwa 26.